Kiatu cha Farasi Ndani ya Kumi na Saba

Fundi Glafira Rudakova hakuwa mtu wa kupenda wageni, sembuse wageni wanaopanda juu ya bawa la ndege yake na buti zenye samadi. Lakini Mama Ustinya ungemwambia nini? Alikuwa mwenyekiti wa shamba la ushirika la Lipovka, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mabega mapana, sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Halafu ndege yenyewe ilikuwa yake. Haya, si yake peke yake, ilikuwa ya wanawake wa Lipovka wote. Waume zao walipokwenda kupigana na Wajerumani na badala yao zikaanza kurudi habari za vifo, wanawake wale waliuza asali, ng'ombe na hereni za harusi, wakaipelekea serikali kila walichopata, wakasema wanataka ndege ya kivita. Wakapewa. Ubavuni, chini ya dirisha la rubani, iliandikwa kwa rangi nyeupe: KUTOKA KWA WANAWAKE WA LIPOVKA. Mkiani ilikuwa na namba kumi na saba.

Sasa Mama Ustinya alikuwa amesafiri kwa treni za mizigo katika baridi ya Januari, ameleta asali, mbegu za alizeti na buti za sufu, na hapo juu ya bawa alikuwa anafungua kitambaa. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kiatu cha farasi.

"Kazi ya mume wangu Fadei hii," alisema. "Alifua viwili asubuhi ile ile anaondoka kwenda vitani, kwa chuma cha jembe. Kimoja kiko mlangoni kwangu. Hiki tumekubaliana wote kije kwenye ndege. Binti akae nacho, kimlinde."

"Na Fadei mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Bubnov, mkuu wa mafundi, mzee ambaye nusu ya masharubu yake ilikuwa imeungua kwenye jiko la kupashia injini moto.

"Yuko ardhini, huko Smolensk."

Bubnov alivua kofia. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na huzuni muda mrefu, akairudisha kichwani, akasema, "Pole sana, mama. Ila hii ni ndege. Haivai viatu."

"Wewe unavaa. Kwani umekuwa farasi? Hebu nipishe, mzee. Binti, unakitaka au hukitaki?"

Binti alikuwa Luteni Raisa Zimina, rubani wa Kumi na Saba, msichana mwembamba mwenye msuko mmoja mrefu ambao kila siku aliusokomeza ndani ya kofia kwa ugomvi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anacheka mpaka machozi.

"Nakitaka, mama. Glasha, nifungie bwana, mahali nitakapokiona," alisema, akimwita Glafira kwa kifupi.

Glafira alikichukua. Kilikuwa kizito, kimefuliwa vizuri, kazi ya mtu aliyejua chuma. Nyuma ya kiti hapakuwa na nafasi, pamejaa bamba la kuzuia risasi na redio. Chini ya saa na vipimo, upande wa kushoto, palikuwa na matundu mawili ya skrubu ambapo zamani palifungwa kifaa fulani kikang'olewa. Kiatu kingekaa hapo kama kilichopimwa. Kwa bahati mbaya, shubiri moja tu kutoka hapo ilikaa dira.

Jambo la kwanza wanalokufundisha kwenye ufundi wa ndege, kabla hawajakuonyesha hata spana, ni hili: chuma kisikae karibu na dira. Dira ni sindano inayoonyesha kaskazini, nayo ikipata chuma pembeni inageuza shingo. Glafira alilijua hilo. Raisa pia alilijua. Wakaangaliana.

"Akiondoka, kitoe," Raisa alinong'ona.

"Nitakitoa."

Mama Ustinya alisubiri pale pale, juu ya bawa, mpaka skrubu ya mwisho ikazwe. Alikitikisa kwa mkono wake mwenyewe kuhakikisha. Kisha akamshika Raisa mashavu, akambusu mara tatu, akashuka akilia bila kujificha, akawagawia mafundi wote mbegu za alizeti kutoka mfuko wa koti. Ni nani angekuwa na moyo wa kuchukua bisibisi mbele yake?

Ndege hiyo, tuseme ukweli, ilikuwa imeshateseka. Ilishushwa kutoka kwenye behewa wakati wa vuli, mpya, inanuka rangi, na wiki ile ile Raisa akairudisha ikiwa na matundu bawani ambayo Glafira aliweza kupitisha ngumi. Ikapigwa tena juu ya mto Don. Ikabadilishwa mkia kwa kutumia mkia wa ndege nyingine iliyoanguka, ndiyo maana nyuma ilikuwa na kijani tofauti. Ikabadilishwa propela baada ya kutua kwa tumbo kwenye theluji, Raisa akatoka na pua inayovuja damu na kuomba msamaha kwa ndege, si kwa mafundi. Glafira aliiziba viraka vya turubai na gundi, akavipaka rangi, na kila kiraka alikikumbuka kilikotoka. Kabla ya vita alikuwa fundi wa matrekta. Trekta likikushinda unalala, kesho utaliona. Ndege ikikushinda, kuna mtu ndani yake.

Ngozi ya vidole vyake ilibaki kwenye vyuma vya Kumi na Saba kila asubuhi ya baridi, maana glavu haziingii palipo na skrubu ndogo. Hakulalamika. Raisa alikuwa na desturi yake: kabla ya kupanda aling'ata bonge la sukari katikati, nusu akala, nusu akamkabidhi Glafira. "Nishikie. Ukila nitajua." Akirudi aliidai hata kabla hajafungua mikanda.

Basi, kile kiatu hakikutolewa.

Siku ile Mama Ustinya alipoondoka palipigwa king'ora, ndege zote zikaruka. Kesho yake injini ilivuja mafuta. Keshokutwa yake Raisa aliangusha ndege ya Wajerumani, akashuka akikipapasa kile kiatu na kusema, "Mama Ustinya huyo! Glasha, usikitoe kwanza. Kinanijua." Marubani ni watu wa ajabu, wanaoga au hawaogi kutegemea bahati. Glafira alimwambia kama kitabaki, lazima dira isahihishwe upya. Na kusahihisha dira si mchezo: ndege inasukumwa mpaka uwanja wa pembeni, inazungushwa pande zote za dunia na watu wanane, fundi ndani anasoma sindano na kurekebisha kidogo kidogo. Watu wanane ungewatoa wapi, kila mmoja ana ndege yake inayovuja?

"Ukipata nafasi," alisema Raisa.

Februari ile anga ilikuwa safi, baridi kali, jua linaumiza macho. Rubani alifuata reli, alifuata mto, hakuwa na haja ya dira. Siku moja Raisa alishuka akasema kwa utani, "Dira yako imelewa, Glasha. Imenionyesha nyumbani ni kwa Wajerumani." Wakacheka. Ndiyo, walicheka, na Glafira alikuja kukikumbuka kicheko hicho mpaka akatamani kujipiga.

Asubuhi ya mwisho wa Februari baridi ilikuwa imelegea kidogo. Glafira hakuwa amelala sawasawa kwa siku kadhaa, alikuwa anafunga kifuniko cha injini huku anasinzia wima. Raisa alikuja akivuta msuko wake ndani ya kofia.

"Dira umeishughulikia?"

"Tayari," alisema Glafira.

Neno moja. Alilisema kama unavyomjibu mtu anayekuuliza kama umekula, ili yaishe. Moyoni alishapanga kuwaomba wenzake wasukume ndege mchana ule ule. Mbingu ilikuwa nyeupe tu, hapakuwa na dalili ya ubaya. Raisa alimpa nusu ya sukari, akapanda.

Alikwenda na mwenzake mmoja kufukuza ndege ya upelelezi upande wa kaskazini. Injini ya mwenzake ikaanza kukohoa, akageuka, akatua salama. Na nyuma yake ukungu ukafunga. Ukungu wa nyikani theluji inapoanza kuyeyuka haukuombi ruhusa, unainuka kutoka ardhini na kukutana na mawingu, huoni hata mkono wako. Redio ilimsikia Raisa mara moja, ametulia: "Sioni kitu. Nashika kusini, narudi nyumbani." Nyumbani kweli kulikuwa kusini. Lakini mstari wa vita ulipita hapo hapo pembeni, na ukikosea kidogo tu kuelekea jua linakozama, uko juu ya Wajerumani.

Kila fundi anaijua sauti ya injini yake. Glafira alisimama uwanjani na yale magogo ya kuzuilia magurudumu mikononi, anasikiliza. Mafuta ya ndege ile hayakuwa mengi, wote walijua yanaisha lini. Yalipokwisha kuisha, Bubnov akaja, akampokonya magogo taratibu.

"Twende ndani, mwanangu."

"Labda ametua shambani mahali."

"Labda. Twende ndani."

Hakuwa ametua shambani. Siku ya pili simu ilikuja kutoka kwa askari wa miguu. Walikuwa kwenye mahandaki yao, ukungu ukapasuka dakika chache, wakaona ndege yetu inapita chini chini juu ya vichwa vyao, namba kumi na saba mkiani, injini nzima, haitoi moshi, hakuna anayeifyatulia risasi. Inakwenda magharibi. Wakaipigia kelele, wakapunga kofia. Ikapotea upande wa Wajerumani.

Hapo ndipo alipoingia Kapteni Lozhkin, afisa wa usalama wa kikosi. Alikuwa na jino bovu lililomvimbisha shavu, na aliongea huku amelishika.

"Wewe ndiye fundi wake?"

"Ndiyo, Ndugu Kapteni."

"Nijibu moja tu. Ndege ilikuwa na hitilafu?"

Glafira alipiga hesabu. Aliyekubali kwamba ndege iko tayari ni yeye. Akisema ndiyo, amejipeleka mwenyewe mahakama ya kijeshi, kwa kosa la kuharibu silaha wakati wa vita, na kila mtu alijua mahakama ile inavyomaliza kazi yake upesi.

"Haikuwa na hitilafu," alisema.

"Vizuri." Lozhkin alibonyeza shavu. "Kama ndege ilikuwa nzima, basi mbovu ni rubani. Baba yake alikamatwa kabla ya vita, ulijua? Hakurudi. Mtoto naye kaona njia."

"Raya hawezi!" Ndivyo walivyomwita Raisa kikosini.

"Nimekuuliza? Nenda kazini."

Glafira alitoka nje akajificha nyuma ya mapipa ya mafuta. Bubnov alimkuta hapo hapo, akamvuta hadi kwenye kibanda cha mafundi, akafunga mlango. Yule mzee hakuwa mjinga. Alishakiona kile kiatu.

"Sikia," alisema. "Najua unachofikiria. Nyamaza."

"Mama yake Raya yuko Saratov na mdogo wake. Itakuwaje kwao?"

"Watakatiwa mgao. Watatolewa kwenye chumba cha kiwanda. Familia ya msaliti, unajua mwenyewe, watapelekwa mashariki huko kwenye mabanda."

"Na mdogo wake kifua kinamsumbua."

"Najua! Raya alinieleza hata mimi." Bubnov alipiga meza. "Lakini Raya amekwisha, Glasha. Wewe upo. Ukienda kusema, watakupiga risasi au watakupeleka kambini, na kikosi kitabaki kimepungukiwa fundi. Nani atafaidika? Nyamaza, nakuomba kama baba yako."

Akanyamaza. Tusimseme vibaya kabla hatujasimama pale alipokuwa amesimama. Alinyamaza kwa woga, naam, na woga si kitu cha kuchekwa. Alikula uji wa mtama pamoja na wenzake. Waliokuwa wakimwita Raisa dada sasa waliongea habari zake kwa sauti ya chini, na mmoja akafuta jina lake ukutani, kwenye orodha ya ndege alizoangusha. Nusu ya sukari ilikuwa mfukoni mwa koti la Glafira, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kusafishia.

Siku chache baadaye ililetwa ndege mpya. Kamanda wa kikosi alimwita Glafira.

"Chukua rangi. Andika mkiani kumi na saba. Na ubavuni andika lile jina la Lipovka, mahali pale pale."

"Lakini Ndugu Kamanda, hii si..."

"Najua si yenyewe. Wanawake wale wanalima kwa kujifunga jembe mabegani, farasi wao wako jeshini. Unataka niwaambie ndege yao imekwenda kwa Wajerumani na msichana wao? Andika."

Aliandika. Herufi ya kwanza ilikwenda upande, akaifuta na petroli, akaandika tena. Hakuna aliyejua kwamba kwa tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, Lipovka walikuwa wamepanga kuja kumpongeza binti yao.

Alikuja Mama Ustinya peke yake, na kapu la pai za kabichi zilizogandishwa na baridi ya safari. Kamanda alimpokea kwa tabasamu la kulazimisha. Alimwambia Luteni Zimina yuko likizo, atasikitika sana kumkosa. Kapteni Lozhkin alisimama pembeni kuhakikisha hakuna mtu anayeropoka. Glafira alikuwa chini ya bawa, anajifanya anakaza kitu kisichohitaji kukazwa.

"Kaenda likizo bila kuniandikia?" alisema Mama Ustinya. "Ananiandikia kila wiki, yule. Haya, ujana. Nimemletea cha pili." Alitoa kitambaa kapuni. "Nimeking'oa mlangoni. Nikasema mimi mlango wangu unalinda nini, sufuria? Akae navyo vyote viwili."

Kabla mtu hajamzuia alishapanda. Alikuwa amekwishaijua njia. Alijivuta juu ya bawa akahema, akafungua kifuniko cha rubani, akainama ndani. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa umebadilika.

"Hii si ndege yetu."

"Mama, jina lenu hilo hapo," alisema Kamanda.

"Jina naliona, si kipofu. Hata rangi bado inanata." Alionyesha kidole chenye weupe. "Kiatu cha Fadei hakipo. Na yetu ilikuwa na mkia wa kijani kibichi, wa kuazima. Yuko wapi binti?"

Kamanda alimgeukia Lozhkin.

"Nimezika mume mimi. Nimezika watoto wawili wa kiume bila kuiona maiti hata moja. Mnaniogopea nini? Semeni, amekufa?"

"Amekwenda kwa Wajerumani," alisema Lozhkin, kwa ukali wa mtu aliyechoka. "Kwa hiari yake. Na ukirudi nyumbani hutasema lolote."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Mama, angalia ulimi wako..."

"Sio kweli!" Sauti iliyosema hivyo ilitoka chini ya bawa. Glafira alisikia ni yake mwenyewe, akaona hakuna pa kuirudisha, akatoka. Bubnov alimshika mkono wa koti. Akajitoa. "Hakwenda kwa hiari. Alipotea. Dira ilimdanganya, na mimi nilijua kwamba ni mbovu. Alipoondoka aliniuliza nimeisahihisha, nikamwambia tayari. Sikuwa nimeisahihisha."

Lozhkin alimtazama. "Uliniambia haina hitilafu."

"Nilisema uongo. Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa," alisema Glafira. "Mama, nipe hicho."

Mama Ustinya alimpa kiatu bila kuelewa. Glafira alipanda, akaingia chumba cha rubani, akawaita waje waone. Lozhkin alipanda upande mmoja, mkono shavuni, Mama Ustinya upande wa pili. Dira ya ndege mpya ilikuwa imetulia, inaonyesha kaskazini, kule kwenye mnara wa maji. Glafira alikisogeza kiatu pale pale ambapo kile cha kwanza kilifungwa. Sindano ikatetemeka. Kisha ikaanza kugeuka, polepole, ikakifuata kile kiatu, ikaacha mnara, ikaenda zake mbali na ukweli. Akakiondoa, ikarudi. Akakisogeza tena, ikageuka tena.

"Alitaka kusini," alisema Glafira. "Sindano ikamwonyesha kusini. Kumbe anakwenda kwa Wajerumani na hajui. Katika ukungu hakuna reli, hakuna mto. Aliniamini mimi."

Lozhkin aliomba kiatu, akajaribu mwenyewe, mara moja, mara mbili. Hakuwa mtu mwema lakini hakuwa kipofu.

"Ndugu Kamanda," alisema hatimaye, "Luteni Zimina hakutoroka. Ameangamia kazini kwa uzembe wa fundi. Nitarekebisha ripoti yangu leo. Familia iachwe ilipo." Halafu akamgeukia Glafira. "Umekamatwa. Mkanda wako. Vua."

Glafira akavua mkanda, akamkabidhi. Hapo tu ndipo alipomwangalia Mama Ustinya.

Yule mama alikuwa bado juu ya bawa, mikono imeshika ukingo wa kifuniko. Alikuwa ameelewa. Hakuwa msomi, lakini sindano aliiona inavyogeuka, na alijua kilichoigeuza ni nini na kimetoka wapi.

"Ni kile chetu," alisema. "Ni kile nilichokileta mimi."

"Wewe hukujua, mama."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua na ukakifunga. Mimi nimesimama hapa hapa nakutazama. Ukaniacha nifurahi." Sauti yake haikupanda. "Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia tu, mama, hapana, kitamuua. Ningekuita mchawi, ningenuna, ningekwenda zangu nacho. Binti angekuwa hai."

Glafira alitaka kusema kwamba hakupenda kumvunja moyo, na akaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika, akayameza.

Lori la kwenda stesheni lilikuwa moja tu. Mchana lilimbeba Mama Ustinya anayerudi kwao, na Glafira anayepelekwa mahakama ya kijeshi, na askari mmoja wa kumlinda mwenye mafua. Waliketi wanatazamana kwenye mabenchi ya nyuma, turubai inapigapiga, kapu la pai katikati ya miguu.

"Watauliza," alisema Mama Ustinya. "Nikifika tu watatoka wote. Ndege yetu haijambo? Binti hajambo?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba tuliuza ng'ombe wa maziwa, watoto wakanywa maji, tukanunua ndege, tukamweka ndani binti wa watu, halafu tukampelekea chuma cha kumpoteza? Niwaambie hivyo? Kuna mmoja pale ana mume na watoto wanne chini ya ardhi. Ananiuliza habari za ndege kila asubuhi kabla ya salamu."

"Sema ni mimi. Sema fundi alikuwa mzembe."

"Ni wewe, kweli." Alimtazama kwa chuki ya wazi, kisha chuki ikachoka. "Nitawaambia inaruka. Nitawaambia amenona, ananisalimia. Mungu anisamehe, nitawaambia hivyo mpaka vita viishe."

Alivunja pai moja, akamsukumia Glafira nusu.

"Kula."

"Mama, siwezi."

"Nimesema kula. Sijakusamehe, usidhani. Lakini unakokwenda hawatakupa kitu. Na wewe mwenye mafua, shika hii."

Glafira akala. Kabichi ilikuwa baridi, imetiwa chumvi nyingi, akaila yote huku machozi yanaingia mdomoni. Mkono wake mwingine ulikuwa mfukoni, umeshika kile kitambaa chenye nusu ya sukari. Lozhkin alikuwa ameukagua mfuko ule, akauliza ni nini, akaambiwa ni mali ya Luteni Zimina, akakirudisha bila kusema neno.

Stesheni Mama Ustinya alishuka wa kwanza. Kile kiatu cha farasi alikiacha juu ya benchi la lori. Glafira alidhani amekisahau, akakiinua.

"Mama! Kiatu chako!"

"Sikitaki. Kitupe."

Alikwenda hatua kadhaa kuelekea behewa la mizigo, kapu mkononi, mgongo umepinda ambao asubuhi haukupinda. Kisha akasimama kwenye theluji iliyochanganyika na masizi. Akarudi. Alinyoosha mkono juu ya ukingo wa lori bila kumtazama Glafira usoni, na Glafira akampa. Aliufuta ule upande uliogusana na turubai iliyolowa, kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akakitia kifuani ndani ya koti. Fadei hakuwa na kaburi ambalo mtu angeweza kulitembelea, wala hakuacha picha. Alikuwa ameacha viatu viwili.